Gunia kwenye Kiti ya Dereva

Mama Mkunga wa Mvara, hapa Arua, alikuwa haiti mtu jina. Alikuwa anaita mtu na kilo. Mimi kwake nilikuwa Kilo Mbili, sababu siku alinitoa kwa tumbo ya mama yangu aliniweka kwa mizani, mizani ikaona haya. Sasa nimekuwa mtu mkubwa, ndevu iko, gereji iko upande ya Ediofe na shimo yake ya kuingia chini ya gari, wateja wananiita Injinia hata kama shule niliacha darasa ya saba. Lakini yeye akifika kwa geti, sauti yake inatangulia.

"Kilo Mbili iko?"

Wateja wanacheka mpaka wanashika magoti. Siku moja nikamwambia, "Mama, sasa niko kilo sabini." Akaniangalia juu mpaka chini, pole pole, kama mtu ananunua ng'ombe. "Sabini na viatu," akasema. "Na hiyo spana kwa mfuko."

Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa tai na simu mbili, yeye alikuwa Kilo Nne na Nusu. Kwenye mkutano ya maji, mwenyekiti akianza kuongea mrefu, Mama Mkunga alikuwa anasimama nyuma: "Wewe ulianza kuchelewesha watu siku ile ya kwanza. Maliza." Na mwenyekiti anamaliza. Utamfanyia nini mtu alikuona bila nguo kabla ya mama yako kukuona?

Siku hizi hayuko Mvara. Nyumba yake iko na kufuli. Wateja wapya wanasikia watu wanamtaja, wananiuliza alikuwa mtu gani. Nasema alikuwa mtu wa bushi. Wanafikiri nafanya mzaha, sababu mimi ni mtu wa mzaha.

Bushi ni kampira. Chini ya gari iko mkono ya chuma, moja kila upande, inashika gurudumu isitoroke. Pale mkono inashikana na mwili ya gari, chuma na chuma haziwezi kukaa pamoja, zitakulana. Kwa hivyo wanaweka kampira katikati, kavumilie. Kampira kakichoka, gari inalia kwenye mashimo, ko, ko, ko, na usukani inavuta upande kama mbuzi ya sokoni. Wenye gari wengi wanaongeza sauti ya redio. Mama Mkunga hakuwa na redio kwa ile gari. Aliniambia nitoe, sababu inafunika sauti ya ugonjwa.

Gari haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto wake, mtoto moja tu Mama Mkunga alizaa, yeye ambaye alipokea watoto wa nusu ya Mvara. Gari aina ya stesheni wagoni, rangi ya maziwa, mgongo mrefu. Kijana aliinunua akiwa dereva ya lori, akaiendesha kidogo tu, halafu akapata kazi ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, ya kuendesha mashine za barabara. Akaegesha gari kwa uwanja ya mama yake, akampa funguo, akasema, "Mama, usiache ioze. Nikirudi nataka kuiwasha tu na kwenda." Basi. Hakusema atarudi lini. Mimi nilikuwa pale, nilikuja kufunga betri. Alimpungia mama mkono kama mtu anaenda kununua chumvi.

Halafu barabara ya kule ikaharibika na bunduki, simu ikawa inaingia leo na kupotea mwezi mzima, na mama akabaki na kazi moja: gari isioze.

Yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Hakutaka kujua. Alikuwa anaogopa gari. Kwenda sokoni alikuwa anatembea, na magoti yake, wewe ungesikia ile magoti. Nilimwambia, "Mama, unabadilisha bushi ya gari, na ya magoti yako imeisha kabisa. Lala kwa shimo nikuangalie." Akanipiga na mwavuli. "Magoti yangu iko na mwenyewe hapa," akasema. "Gari, mwenyewe hayuko."

Jumamosi nilikuwa naenda kuiwasha, naizungusha mpaka kwa kanisa kubwa ya Ediofe na kurudi. Watu waliomba kuikodi kwa harusi, alikataa. Waliomba kubeba mgonjwa, alikubali, lakini alipiga mgonjwa maswali mingi mpaka wengine wakapona njiani kwa hofu. Mara moja moja niliipeleka Kuluba, nyumbani kwa ukoo ya mume wake, kuleta muhogo kavu. Mpaka Koboko ni lami, gari inateleza kama ulimi ya mwanasiasa. Ukiacha lami kuingia Kuluba, ni mashimo na mawe, na pale ndipo bushi zinakufa.

Kwenda kununua spea na yeye, nilikuwa nasali kwanza. Mwenye duka, mtu wa Aringa, mpole sana, akituona tunaingia alikuwa anavuta stuli na kukaa kabisa, sababu anajua leo hatafunga mapema. Anaweka kwa kaunta vitu tatu. Mkono mpya mzima kutoka Dubai, inang'aa, na bushi zake ndani. Mkono ya zamani, imekatwa kwa gari iliyopata ajali, chuma ya Japani, nzito. Na bushi peke yake, ya kusukuma ndani ya mkono yetu ile ile.

Mama Mkunga hakuuliza bei kwanza. Alikuwa anafunga macho, anabonyeza kampira na dole gumba, vile wanabonyeza tumbo ya mimba kutafuta kichwa.

"Hii ngumu. Hii itapasua watu mgongo."

"Mama, ngumu inadumu," mwenye duka anasema.

"Jiwe pia inadumu. Utalalia?"

Anashika ingine. "Hii laini, inaachilia. Nataka ya katikati. Kama mkono ya kupokea mtoto. Ukishika ngumu unamvunja, ukishika laini anaanguka." Halafu ananusa. Mpira iliyokaa sana kwa jua inanuka vumbi, hiyo ni kweli, mimi pia nanusa, lakini mimi sifungi macho kama niko kwa komunyo.

Na ule mkono ya zamani, kila mara aliuliza swali moja. Anauweka kwa mapaja yake, anaugeuza, anaangalia kama umepinda, anamwangalia mwenye duka.

"Huyu alikufa na nini?"

"Nani, Mama?"

"Gari ya huu mkono."

"Sijui, Mama. Ilikuja hivyo kwa kontena."

"Basi rudisha. Sifungi kiungo ya marehemu kwa gari ya mtu ambaye yuko hai."

Mwenye duka ananiangalia. Mimi naangalia dari. Nilijaribu kumwambia ile chuma ni nzuri kushinda ile mpya, akasema hata wafu wengi walikuwa na afya nzuri. Na hakuwahi kununua upande moja. Upande ya kushoto ikiisha, ananunua na ya kulia. "Mapacha wananyonya pamoja," alisema, "ama moja atavuta mwingine."

Sasa nije kwa gunia.

Kosa ilianza na mdomo yangu. Nilimweleza kitu ambayo mafundi wengi wanaharakisha: bushi haifungwi gari ikiwa juu ya jeki na miguu inaning'inia. Ukikaza nati pale, gari ikishuka chini kampira kanajipinda, kanakaa siku zote na shingo imegeuka, halafu kanapasuka. Unaweka mkono, unaacha nati zikiwa legevu, unashusha gari isimame na miguu yake, na uzito yake, ndiyo unaingia kwa shimo na kukaza. Hiyo ni ukweli, nilifundishwa na mtu alijua.

Mama Mkunga akafikiria. "Uzito yake ya nani?"

"Ya gari, Mama."

"Gari peke yake haiendi popote. Inaenda na mtu. Uzito ya mwenyewe iko wapi?"

Nilicheka. Nikasema, sawa, nitakalia kiti ya dereva, wewe uingie chini ukaze. Hakucheka. Alienda kwa boda, akarudi na gunia ya muhogo kavu, anasaidiana na mwenye boda kuishusha kama wanabeba mzee. Alikuwa amepima na mikono yake. Yeye mikono yake ilikuwa mizani, miaka yote ile ya kushika watoto. Akasema kijana wake aliondoka akiwa hivi. Akafungua mlango ya dereva, tukakalisha gunia, akafunga mshipi ya kiti.

"Sasa kaza," akasema.

Na mimi, Injinia, niliingia kwa shimo nikakaza.

Ikawa desturi. Kila wakati ya bushi, gunia iko. Na si gunia peke yake, siku zingine aliita majirani wakalie viti zingine, sababu mwanawe akirudi hawezi kukosa watu wa kubeba. Wamama watatu wa kwaya nyuma, wanakula njugu na kusengenya, mwenyekiti Kilo Nne na Nusu upande ya kushoto na tai yake, na gunia kwa usukani. Mimi niko chini nasikia gari inashuka, inapumua. Mtu alipita barabarani akauliza hawa wanangojea nini. Mama wa kwaya moja akamjibu, "Dereva analala." Walicheka mpaka gari ikatikisika na Mama Mkunga akawafokea wakae kimya, nati haijakaa.

Gunia haikuwa kitu ya kukaa vile vile. Kulikuwa na mama moja, mfanyabiashara wa Sudan Kusini, anavuka na mashuka ya kudarizi kuuza Arua. Tulimwita Mama wa Mashuka. Huyu alijua kambi ambapo kijana anafanya kazi. Akifika sokoni, Mama Mkunga anaacha kila kitu. Haulizi anasema nini, haulizi anatuma nini. Anauliza, "Mwili yake iko namna gani?"

"Ai, ameongeza," Mama wa Mashuka akasema mara moja. "Tumbo imetoka. Anakula nyama kila siku."

Mama Mkunga alirudi nyumbani akiimba, akaongeza muhogo kwa gunia. Sisi tukamtania gunia imeoa.

Alikuwa na mambo ya kupingana, kama watu wote. Alikuwa mkali kushinda askari, lakini nimemuona amesimama nje ya nyumba ya msichana aliyepoteza mimba, na flaski ya chai, hagongi, anangoja tu mlango ifunguliwe yenyewe. Alikuwa anasema machozi ni maji na maji ina kazi zingine, halafu kuku yake ikigongwa na boda haongei na mtu mpaka kesho. Na iko hii. Alikataza kabisa wamama kununua nguo ya mtoto kabla ya kuzaa. Hata soksi. "Usitayarishie mtu ambaye hajafika," alisema. "Unamwita asiyetakiwa."

Mimi na mdomo yangu nikamuuliza, "Mama, na hii gari yote unatayarisha, si ya mtu ambaye hajafika?"

Nilikuwa nimemshinda, kitu ambayo haijawahi kutokea, na sikusikia utamu. Akachukua mwavuli yake akaenda. Siku zikapita, akaja gereji bila gari, na ile magoti, kutoka Mvara kwa mguu. Akasimama kwa geti.

"Kilo Mbili. Jibu ya ile swali yako. Yeye alishafika. Nilimshika mimi mwenyewe. Ametoka tu kidogo."

Akageuka akarudi.

Baada ya hapo Mama wa Mashuka akaja na habari ingine. Simu ilikuwa imepotea muda mrefu. Akasema kijana hayuko tena kwa mashine, iko homa inaenda na kurudi, wamempeleka hospitali ndogo ya kule. Mama Mkunga akauliza vile vile, "Mwili yake?"

Mama wa Mashuka alikunja shuka moja, akaikunja tena, na ilikuwa imekunjwa tayari. "Amepungua, dada yangu. Kidogo."

Alitaka kuvuka siku ile. Watu walimkatalia, barabara ilikuwa mbaya, hata magari ya msaada yalirudishwa. Alifika mpaka mpakani, wakamrudisha na pole. Nilimkuta kwa uwanja amekaa chini, gunia iko wazi, anatoa muhogo kipande kwa kipande. Anatoa, anainua gunia, anasikiliza mikono yake. Anatoa tena. Nilikuwa na mzaha tayari kwa ulimi, nikaimeza.

Siku alikuja mara ya mwisho ilikuwa asubuhi, nimeingia kwa shimo, gari ya mtu juu yangu. Nikasikia mtu kwa geti ananiita. Aliita jina yangu. Jina yangu ya kweli, ile ya kanisani. Sikujibu haraka, sababu sauti niliijua lakini jina haikuwa yake. Nilipotoka na kumuona, nikajua.

"Wanamleta mpakani kesho," akasema. "Nataka kumchukua na gari yake."

Nikaanza kusema kitu, sijui nini, mdomo yangu inaendaga peke yake. Akainua mkono. "Leo usinichekeshe, mwanangu. Barabara ya Kuluba, kwa ukoo ya baba yake, ni mbaya, na ule mkono ya kushoto inalia. Umesema mwenyewe Jumamosi. Sitaki arushwe. Ameteseka ya kutosha."

Tulienda duka. Mwenye duka alikuwa amesikia, alisimama, hakuvuta stuli. Mkono mpya ya ile gari haikuwepo, bushi peke yake haikuwepo, kontena ilikuwa haijafika. Ilibaki ule mkono ya zamani tu. Aliuweka kwa kaunta pole pole na kuangalia chini, akingoja swali.

Mama Mkunga aliuchukua. Akabonyeza bushi na dole gumba mara moja. Akauweka kwapani.

Hakuuliza alikufa na nini.

"Upande moja tu, Mama?" nikasema. "Mapacha?"

"Upande moja inatosha," akasema. "Ni safari moja."

Nilifunga ule mkono vizuri kushinda kitu yote nimewahi kufunga. Nikaacha nati legevu, nikashusha gari juu ya shimo. Majirani walikuwa wamefika, lakini hakuna mtu aliingia ndani. Mwenyekiti alivua tai, akaiweka mfukoni, akasimama na wengine. Gunia ilikuwa kwa kiti ya dereva, imekonda, imeinama upande, mshipi inaishika tumbo. Nikaingia chini, nikashika spana.

"Ngoja," akasema.

Akafungua mlango ya dereva. Akafungua mshipi. Nilitoka kwa shimo kumsaidia, akakataa. Alibeba lile gunia peke yake, na magoti yake, na haikuwa tena kitu nzito. Akaenda nyuma. Nilikuwa nimelaza viti za nyuma, nimetandika shuka jipya, ile ya kudarizi, Mama wa Mashuka alituma bila kutaka kitu. Akalaza gunia juu yake. Akaisogeza, kichwa mbele, akainyoosha. Akaipangusa vumbi na mkono.

"Sasa kaza."

Niko chini pale, mafuta inaingia macho, nikasema ni mafuta.

Kesho yake nilivaa shati ya harusi ya kaka yangu, sina ingine nyeusi. Mama Mkunga alikaa mbele, upande ya kushoto. Miaka yote ile, ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwa ile gari ikitembea. Alishika kamba ya dirisha na mikono miwili mpaka Koboko, anaogopa kila lori. Mpakani pikapu ilikuwa inangoja. Wanaume wa kule walikuwa wamemfunga vizuri, kwa blanketi na mkeka. Tulimshika watu wanne, na tulikuwa wengi mno, ungeweza kumbeba peke yako. Yeye hakushika. Alisimama nyuma ya gari, anatuangalia mikono yetu, anasema pole pole, "Kichwa. Shika kichwa. Kichwa ndiyo inatangulia."

Kurudi, hakushika tena kamba. Aligeuka kwa kiti, akaweka mkono nyuma, juu ya blanketi, akaacha pale. Lami ikaisha. Nikakunja kuingia Kuluba, gia ya kwanza, napita mawe kama mtu anatembea juu ya mayai. Shimo ya kwanza. Ya pili, ile kubwa ya kwa mto. Watu kando ya njia walivua kofia, wanawake waliweka jembe chini. Nilifungua dirisha kusikiliza, masikio yangu yote iko kwa gurudumu ya kushoto.

"Inalia, Kilo Mbili?"

"Hapana, Mama. Iko kimya."

Alisikiliza mwenyewe, mpaka tukapita mawe yote, mpaka nyumba ikaonekana na watu wamesimama.

"Basi nilipima sawa," akasema.